Senene wa Ansbert

Wazo, Jumapili

Dada Kokuberwa, shikamoo.

Mie mzima, ila kifua kinasumbua kwa vumbi la saruji. Wale senene nimemfikishia Ansbert ofisini kwake, Kinondoni. Yule mtoto wa marehemu dada yetu tuliyemlea amekuwa bwana mkubwa. Hakuniamkia. Mwenzake alipouliza mie nani, akajibu, "Mzee mmoja wa kwetu, kaleta mzigo." Hakusema mjomba. Kopo akalisukuma chini ya meza, nami nikaaga.

Nikiwa nje nilimwona dirishani. Amewapa wenzake mgongo, anatafuna senene, macho kayafumba kama alivyokuwaga jikoni kwako. Nilitamani kurudi ndani, nikaona nitamwaibisha.

Tuma wengine, dada. Nitampelekea mwenyewe.

Mdogo wako,
Projestus