Maji ya Mtaro wa Machinjio

Jumatatu, 3 Februari
Nimeosha mguu wa Susu, nyanya yangu, saa moja asubuhi, kama kila siku tangu Krismasi. Maji ya chumvi, chachi, bandeji. Kidonda kiko chini ya vidole viwili vya mwisho na bado kinatoa usaha wa kijani. Harufu nimeizoea. Susu hulalamika kwamba mikono yangu ni baridi. Leo mara tatu.
Daktari anasema sukari imeshuka, lakini bakteria wa kidonda wamekuwa sugu. Antibiotiki kadhaa zimeshindwa. Imebaki moja, ya sindano. Ikishindwa, watakata vidole.
Mutindi anakuja Jumamosi. Hilo Susu amelisema zaidi ya mara tatu.

Jumamosi, 8 Februari
Amefika. Ni binamu yangu, binti wa Baba Mkubwa wa Syokimau, na anasomea bayoteknolojia chuo kikuu. Ana jina la Susu, kwa hivyo Susu humwita "mimi mdogo" na humwekea kuku. Mimi ni binti wa pili, nilipewa jina la upande wa Mama. Kuku nimemnyonyoa mimi.
Ametueleza kazi yake. Kuna virusi wanaokula bakteria na hawamdhuru mtu. Wanaitwa faji. Kila faji ana bakteria wake. Susu alikubali hospitali iwape usaha wake, na sasa maabara yao inatafuta faji wa kumla bakteria huyo. Wanatafuta kwenye maji machafu, kwa sababu palipo na bakteria wengi, walaji wao wako hapo hapo.
"Kwa hivyo dawa yangu iko chooni?" Susu akauliza.
"Ama kwa mtaro wa machinjio, Susu."
Susu alicheka mpaka akakohoa. Sijawahi kumchekesha hivyo.
Mutindi alisema pia kwamba hata wakimpata faji, bado si dawa ya kumpa mgonjwa. Kuna majaribio mengi kwanza. Nadhani ni mimi tu niliyesikia.
Mtaro ulikuwa mkavu. Ng'ombe wengi huchinjwa Jumatano. Ameniachia chupa na glavu.
"Mwende, utanichotea wewe. Na dawa ya maji usitie, inawaua. Najua hii nyumba yenu!"
Kweli. Hapa kila mtungi lazima utiwe matone ya klorini. Amri ya Susu. Hata maji ya kuosha sufuria.

Jumapili, 9 Februari
Kanisani pasta amemsimamisha Mutindi. Makofi. Mama amelia.
Nina wivu. Naandika hivyo hivyo. Miezi hii yote ya usaha, na hakuna aliyenisimamisha popote. Nilipata B ya biolojia. Mambo ya faji ningeyaeleza vizuri kuliko yeye. Ila nikiitwa mbele, sauti hukauka.

Jumatano, 12 Februari
Nimechota. Maji ya damu na samadi, povu juu. Wachinjaji walinicheka. "Madam, hiyo ni supu?" Nilitaka kuzama mtaroni.
Nilipofika nyumbani Susu alikuwa kwa simu na Mutindi. Alikuwa anamwambia: "Ni wewe utaniponya, mimi mdogo. Hawa wengine wananiosha tu."
Nimetia matone ya dawa ya maji kwenye chupa. Sita. Nikaitikisa.
Nilijua ni bakteria wa Susu wanaotafutiwa faji. Sitaandika kwamba nilisahau.
Baba Mkubwa alipitia saa kumi akaibeba ndani ya kisanduku cha barafu, ameishika kama yai.

Alhamisi, 13 Februari
Nimeosha mguu. Sikuweza kumtazama Susu usoni.

Jumanne, 18 Februari
Sindano imeshindwa. Vidole viwili vitakatwa Ijumaa. Susu ameuliza kama atapewa avizike.
Jioni Mutindi alipiga. Chupa haikuwa na kitu. Hakuna faji hata mmoja, wa bakteria yeyote. Hawajawahi kuona maji machafu safi namna hiyo. Alikuwa anajilaumu kwamba barafu labda iliharibu.
Kusema sikuweza. Nilikata simu nikamwandikia ujumbe: Nilitia dawa ya maji. Makusudi.
Akapiga tena.
"Wewe msichana."
Kisha akauliza:
"Unanichukia hivyo?"
Nilisema, "Kuna siku."
Akasema lawama ya vidole nisijibebeshe, hata chupa ingekuwa nzuri hakuna daktari angemwekea Susu faji wiki hii. "Lakini mimi umenipotezea wiki nzima, Mwende. Na umenidanganya kwa mikono ya baba yangu." Halafu: "Kesho wanachinja?"
"Wanachinja."
"Basi chota."
Hakusema amenisamehe. Sikuuliza.

Jumatano, 19 Februari
Nimechota. Chupa ya pili. Sikutia kitu.
Nilimwambia Mama nilichofanya. Aliketi kitandani. Kisha akasema nimwambie Susu mwenyewe, lakini baada ya hospitali.

Ijumaa, 21 Februari
Wamekata. Daktari anasema nyama iliyobaki ni nzuri na kwamba kidonda kilikuwa kikisafishwa vizuri. Alimwambia Mama. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo.

Jumatatu, 3 Machi
Susu yuko nyumbani. Mshono umekauka.
Mutindi ametuma picha. Ni sahani ya maabara yenye utando wa bakteria wa Susu, na utando huo umejaa matundu madogo, kama leso iliyoliwa na nondo. Kila tundu ni mahali faji walikula. Wametoka kwenye chupa ya pili. Moyo wangu ulidunda, halafu wivu ukaja nyuma yake, kwa sababu sahani ilikuwa mkononi mwake.
Nilimwonyesha Susu. Nikamweleza maana yake, na jinsi nilivyoiharibu chupa ya kwanza. Sauti ilitetemeka lakini haikukauka.
Aliitazama picha.
"Wamechelewa kwa vidole vyangu."
"Ndiyo, Susu."
"Watamfaa mwingine?"
"Labda. Baada ya miaka."
Juu ya dawa ya maji hakusema neno. Hakuuliza ni nani aliyechota chupa ya pili. Nilitaka aulize. Alininyooshea mguu tu, nikamvisha soksi. Upande mmoja mbele ilibaki tupu. Niliikunja isimkwaze akitembea.