Kombe la Ami Abdulrauf

Dagoretti Corner,
Nairobi.

Dada yangu Nisreen,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Malindi, watoto wawe wazima, na kifua cha Maalim, mumeo, kiwe kimepoa. Mimi mwili haujambo, alhamdulillahi, ila usingizi na chakula vimenipa kisogo, na sababu utaisoma hapa. Ningepiga simu, lakini kwenye simu ungenikatiza.

Jumanne asubuhi nilikuwa kazini uwanja wa ndege, kwenye mashine ya kukagulia mizigo ya mkononi. Nani akatokea kwenye foleni yangu? Ami Abdulrauf! Kanzu inampwaya, macho yamevimba, anakwenda India kutibiwa figo. Aliponiona alifurahi, akaniita mwanangu. Tangu baba afe hakuwahi kuniita hivyo hata siku moja.

Wewe ulikuwa umeshaolewa, yale ya mama uliyasikia tu. Mimi ndiye niliyempeleka pale Biashara Street, kwenye duka la baba ambalo Ami alishaligeuza lake, kumwomba msaada wa matibabu. Ami alimwambia atoe dawa zake moja moja, aziweke juu ya meza ya kupimia vitambaa, wateja wakitazama, ili ajue kama anaumwa kweli au anatafuta huruma. Mama alitoa. Alitoa mpaka bandeji za kidonda cha titi lake. Kisha Ami akasema twende zetu, ataangalia. Hakuangalia kitu mpaka tukamzika.

Basi nami nikamwambia afungue mkoba. Sheria yetu ni nyepesi: dawa hupita, hata za maji, mradi mwenyewe aseme na awe na karatasi ya daktari. Na mgonjwa ana haki ya kukaguliwa faraghani, chumba kipo. Sikumwambia habari za chumba. Nilimtolesha kila kitu mezani: sindano, mirija, marhamu, mpaka nepi za watu wazima alizozificha chini ya taulo. Kijana mmoja nyuma yake akapiga kelele, "Buda, songa bana, ndege itatuacha!" Watu wakacheka. Ami akajaribu kuzifunika tena nepi kwa taulo, nami nilisikia raha, dada, sikufichi. Mtenda akitendewa huona kaonewa.

Mwisho ikatoka chupa ya lita moja, maji ya manjano, haina hata lebo. Maji ya namna hiyo hayapiti. Ami akaninong'oneza kuwa ni kombe. Mulwa, mkubwa wangu wa zamu, hajui kombe ni kitu gani, akasema, "Hiyo ni maji tu. Anywe ama atupe." Lakini wewe unajua. Zile ni aya za Mwenyezi Mungu, zimeandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa marashi. Nani atazimwaga kwenye pipa lenye soda na shampuu za watu? Ami aliikumbatia chupa kifuani kama mtoto. Akaniambia kwa sauti ya chini kuwa daktari amemkataza maji, hata kiu huituliza kwa kijiko, maana figo hazitoi tena kitu. Akaniomba nimtafutie njia.

Njia ilikuwepo. Angerudi kwenye kaunta ya shirika, chupa ikaingia kwenye sanduku la kupakiwa, na muda ulikuwa bado mwingi. Kila siku nawaelekeza hivyo watu nisiowajua. Yeye nilimnyamazia.

Nadhani alitaka kunilainisha, ndipo akasema kombe limeandikwa na Maalim, na wewe ndiye uliyeliosha kwa mkono wako. Kwamba mmepatana tangu Idi. Kwamba umemsamehe, na ukamwomba asiniambie.

Nikamwambia, "Kunywa."

Alilinywa lote, Nisreen, bismillahi kila funda, machozi yakimtiririka ndevuni. Kabla hajapanda ndege pumzi ikamkata, wakamtoa kwa kiti cha magurudumu. Sasa yuko hospitali, anapumua kwa mashine, na madaktari hawaahidi kitu. Watoto wake wa Spring Valley wanasema ni imani ya mzee iliyompeleka huko. Mulwa amenipa pole na ruhusa ya kukaa nyumbani. Hakuna anayejua kuwa aliniomba njia nikamnyima. Sasa unajua wewe.

Wala usinitumie nasiha za Maalim. Mpaka pale kwenye chupa nilikuwa namlipizia mama, na hilo silijutii hata nikisimamishwa mbele ya kadhi. Ila lile neno la mwisho silo la mama. Mdomo ulikuwa unamwambia Ami anywe, lakini niliyekuwa namnywesha ni wewe.

Wabusu watoto. Jirani zetu wa zamani wote wanakusalimu.

Ni mimi nduguyo, tumbo moja,
Jabir