Bibi Aliyeijua Wiki kwa Mpunga

Ehe, mjukuu wangu, mume wangu, juzi mchukua barua alinikatisha, nimalizie. Huku Shanwe wote wazima, shangazi yako kajifungua mapacha, makelele tu!

Umeuliza, huko unakosomea unesi mtajuaje kama mzee bado anajua siku. Sikia. Miaka ya sabini nilikuwa nafua nguo kwenye makao ya wazee. Kabla ya mavuno nesi anawauliza wazee siku na mwezi, anayejua anaruhusiwa kwenda kwao kula mchele mpya. Bibi Maria wa Kibaoni akaulizwa, "Leo siku gani?"

Akajibu, "Mpunga umeinama, ndege wanafukuzwa kutwa. Wiki ijayo wanakata."

Nesi akaandika: hajui. Sisi wafuaji tukacheka! "Nyie, bibi kachanganyikiwa!" Mimi ndiye niliyesambaza maneno mpaka kisimani. Na mimi nilikuwa nimetoka Kibaoni juzi yake, mpunga wa mama ulikuwa hivyo hivyo. Neno langu moja kwa nesi, bibi angekwenda. Sikusema. Umbea ulikuwa mtamu.

Akabaki. Kila nikipita ananiuliza kama gari la kwao limefika, namdanganya, "Kesho, bibi."

Siku moja akanishika mkono. "Acha, mwanangu. Wameshakata, wameshapura. Leo wanapika."

Nikahesabu. Kweli, ilikuwa wiki yenyewe ya kula mchele mpya.

Wewe usikimbilie kuandika "hajui", mume wangu. Muulize mzee kwanza kwao wanalima nini. Mimi mpaka leo wali mpya ukiiva, tonge la kwanza namkumbuka Bibi Maria… Haya, jirani ananiita, mbuzi wameingia kwenye mahindi yangu. Naenda!