Disketi za Idjwi Zilikuwa Nzima

Papa,

Jana tumetoa matanga yako. Watu walifika kutoka Miti na kutoka Nguba, wakala, wakakusifu, na mimi niliwapakulia ugali. Katekista alisimama akasema wewe ulikuwa mtu asiyejua uongo. Nilishika sinia kwa mikono miwili nisiliangushe. Leo ni Jumapili, Maman amekwenda misa, na mimi nimekaa kwenye kiti chako barazani nakuandikia. Sina mwingine wa kumuuliza, na wewe huwezi kunijibu.

Nianzie tulipokuwa na furaha. Unakumbuka ile miaka miwili ya utafiti wa kisiwa cha Idjwi? Wewe ulikuwa fundi wa mashine zote pale kwenye kituo cha utafiti, na mimi binti yako nilikuwa nimeajiriwa kuingiza fishi, zile kadi za wagonjwa, kwenye kompyuta. Tulikuwa tukivuka ziwa kwa boti ya mota pamoja na Docta, mkuu wa utafiti, tunapima shingo za wanawake na watoto wenye rovu, tunaandika majina. Tukirudi Bukavu nakaa mbele ya ile mashine ya zamani yenye maandishi ya kijani, napiga fishi moja baada ya nyingine mpaka vidole vinakufa ganzi. Ulikuwa unaniletea viazi vitamu kwenye sahani ya bati. "Kula kwanza, Nabintu. Masini haina njaa."

Docta aliwaambia wanawake wa kule kwamba majina yakikamilika tutarudi na sindano za madini joto. Na mimi aliniambia kwamba kazi ikiisha nitakwenda naye Ubelgiji, miaka miwili, kusoma. Barua yenye jina langu ilikuja. Uliisoma mara mbili ukiwa umesimama, ukaikunja, ukanirudishia. Nilidhani umekosa la kusema kwa furaha.

Jumatatu ile nilifika biro, ofisini kwetu, nikakuta harufu ya kuungua. Ulikuwa umepiga magoti kando ya mashine na bisibisi mkononi. Hukunitazama.

"Uliacha prise ndani ya ukuta, mutoto yangu. Courant ya umeme ilirudi na nguvu."

Nilikumbuka kuichomoa. Nilikumbuka hata waya ulivyokuwa mgumu na mimi nikauvuta kwa nguvu. Lakini uliyesema ni wewe. Niliamini mdomo wako kuliko mkono wangu mwenyewe, Papa.

Ukasema utajaribu disketi za akiba kwa mapadri, maana wao walikuwa na mashine kama ile. Ulirudi jioni ukakaa kitandani kwangu. "Zote zimeharibika. Haiko tena kitu." Na fishi zenyewe za karatasi zilikuwa zimekwisha kutupwa. Nililia na wewe ukanishika kichwa. Mkurugenzi aliniita mbele ya wote: "Citoyenne, umetupotezea kazi ya miaka miwili." Barua ya lawama ikaingia kwenye dosie yangu ya kazi. Docta akaenda zake peke yake, mradi ukafungwa, na mimi nikapelekwa mapokezi kupanga barua za wengine. Miaka minne, Papa. Miaka minne naingia mlangoni, nawasikia wananong'ona: huyo ndiye aliyeunguza mashine. Nyumbani nikikaa kimya unaniambia, "Ni Mungu hakutaka."

Wiki ya tatu baada ya kukuzika, Maman aliniomba nitoe nguo zako kwenye sanduku la chuma tuwagawie ndugu. Chini ya abakosi yako, ile suti ya sikukuu, nilikuta mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira. Ndani, disketi sita. Kwenye ya kwanza ulikuwa umeandika kwa mkono wako, zile herufi zako zilizolala: Idjwi, yote. Iko muzima.

Nilikaa chini sakafuni. Nilijiambia labda uliandika kabla hazijaharibika. Nilikutetea, Papa, hata pale.

Jumamosi ya wiki ile nilimwomba mlinzi anifungulie biro. Kompyuta ya sasa haielewi disketi za ile ya zamani, unajua. Ukiziingiza inakataa kabisa. Lakini mwaka wako wa mwisho, tulipotaka kusoma tena barua za zamani za kituo, ni wewe uliyenifundisha njia. Kuna programu moja ya kunakili vilivyo kwenye disketi zile, na nyingine inayoifanya kompyuta mpya ijifanye ile ya zamani, na mfumo wake wote wa zamani unafanya kazi humo ndani kama vile mashine iliyoungua bado ipo. Ulicheka siku ile. "Ona, muzee amefufuka." Nikacheka na wewe.

Mara ya kwanza nilichagua aina ya disketi isiyo sahihi, ikatoka takataka tupu. Nilishukuru. Nilitaka kuzima nirudi nyumbani. Kisha nikarudia, na zote sita zikaingia bila kosa hata moja. Nikawasha ile mashine ya ndani, nikaita programu yetu ya zamani, ikaniuliza faili gani, nikaandika Idjwi. Majina yakaanza kupanda kwenye kioo. Niliyajua kama majina ya darasa langu.

Nikaenda fishi ya mwisho. Ni mama mmoja anaitwa Nsimire, ambaye fishi yake niliipiga Jumamosi ya mwisho saa nane, nikakosea jina la kijiji chake, nikasema nitalisahihisha Jumatatu. Kosa lilikuwepo. Basi disketi zile zilinakiliwa baada ya mimi kutoka Jumamosi na kabla mashine haijaungua, na funguo za biro tulikuwa nazo wawili tu, wewe na mimi.

Nilimkuta Maman uani anatwanga majani ya sombe. Nilimwekea disketi mbele yake. Hakuacha kutwanga.

"Papa yako aliogopa," alisema. "Kaka yako Bisimwa alikwenda Buruseli, akaandika barua mbili, akanyamaza. Papa alisema, na huyu akienda, atatuzika nani?"

"Na prise, Maman?"

Akaweka mchi chini. "Ni yeye. Aliirudisha ukutani bila regulateri ya kutuliza umeme, akaiacha. Nilimwambia ni vibaya. Akasema itapita."

Kumbe hata yeye. Miaka minne nalala chumba cha pili, ukuta mmoja katikati yetu, na nyote wawili mnajua.

Ungeniambia usiende. Ningekasirika, ningekununia mwezi mzima, na pengine ningebaki, maana nilikuwa nakupenda kuliko Ubelgiji. Hukuniuliza. Kaka ndiye aliyeondoka, na hatia ukaniachia mimi. Na wale wanawake wa Idjwi walikukosea nini? Waliinua shingo zao wapimwe, wakangoja boti, na boti haikurudi. Watoto wamezaliwa kule katika miaka hiyo. Hilo uliliwaza, ulipokuwa unafunga ule mpira?

Kuna kitu kinanizungusha. Kwa nini ulinifundisha kuifufua ile mashine, na disketi umezificha? Ulitaka nizipate ukishakuwa hupo, au ulisahau tu ulichonacho? Maman anasema ulitaka nizipate. Mimi sijui. Hata kama ni kweli, ulichagua siku ambayo sitaweza kukutazama usoni.

Nilichapisha orodha yote, printa ikalia mchana mzima, nikampelekea mkurugenzi. Aliisoma mpaka ukurasa wa mwisho.

"Tuseme tumezikuta kabatini," alisema. "Tumwache marehemu apumzike."

"Hapana, Citoyen Directeur. Aliyezificha ni Papa. Na mashine aliiunguza yeye."

"Unajua unasema nini juu ya baba yako?"

"Najua. Kwenye dosie ni jina langu."

Alitoa ile barua ya lawama akaichana mbele yangu, na akaandika nyingine ya kunitoa hatiani. Sikusikia furaha niliyoitarajia. Nilirudi mapokezi nikamtumia Docta habari. Docta amejibu kwa telex: nafasi ya masomo alipewa mwingine zamani, hiyo imekwisha. Lakini sindano zitakuja, na anataka mimi niongoze kazi kule kisiwani. Tunavuka Alhamisi.

Maman ameniomba nikusamehe kabla sijapanda boti. Nimemwambia siwezi kusema neno nisilokuwa nalo. Bado nampikia, bado namsalimia asubuhi, lakini kwa sasa tunazungumza mambo ya sokoni tu.

Papa, kwa heri. Hii ndiyo ahadi yangu. Kule kisiwani wataniuliza tulikuwa wapi miaka yote hii, na sitasema umeme, wala Mungu. Nitawaambia ni baba yangu, na nitalitaja jina lako. Kisha nitawachoma sindano mmoja mmoja mpaka orodha iishe. Ikiisha, nitakuja kaburini nikuambie kwamba imekwisha, na kama siku hiyo nitakuwa na neno jingine la kukuambia, utalisikia hapohapo.

Binti yako,
Nabintu