Nilivyomlilia Mke wa Omondi

Shauri Moyo, Nairobi

Kwako Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana nakujua, ukisomewa jambo umesimama unaanza kufanya kazi nyingine. Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeshampa jirani? Na Kageha wangu je, ameacha kula udongo? Baba Mdogo aliniambia siku hizi anakuita wewe Mama, na mimi ananiita "yule wa simu". Nilicheka mbele yake, kisha nikaenda kuanika nguo ambazo zilikuwa zimekauka. Mimi ni mzima, ila koo linaniwasha kidogo, na sababu utaipata huku chini.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ukisikia jambo zito unasema mtandao umepotea. Nimemwomba Baba Mdogo akusomee polepole mpaka mwisho, asiruke.

Unajua hapa kliniki nimekuwa nikifanya usafi, na zamu zangu ni za usiku. Ndiyo maana nilikuachia mtoto. Sasa Sista mkuu alituita akasema wanatafuta mtu wa kukaa na familia mgonjwa anapofariki, awe nao mpaka ndugu wafike, asiwaache wamesimama kwenye korido kama mizigo. Kazi ya mchana tu, Mama. Niliposikia mchana, nilimwona Kageha amevaa sare ya shule, namfunga kamba za viatu. Lakini ili kuipata lazima kwanza ufanye semina ya kuwahudumia waliofiwa, na ufaulu.

Semina ilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, huku huku Shauri Moyo, ukuta mmoja na mafundi wa masanduku ya bati na maseremala. Mwalimu wetu ni Madam Njeri, nesi mstaafu. Ana sauti ndogo sana, hata ukiwa kiti cha mbele unamsogezea sikio. Alianza na mambo tusiyopaswa kusema. "Usiseme ni mapenzi ya Mungu, hujatumwa. Usiseme najua unavyohisi, hujui. Usiseme angalau amepumzika, huenda hakuwa amechoka." Mama, tulitazamana. Tulikuwa tumenyang'anywa maneno yote.

Nesi mmoja akauliza, "Sasa Madam, tutasema nini?"

"Sema pole. Muulize anataka nini. Kisha nyamaza umsikie."

Baadaye akasema tufanye mazoezi. Kulikuwa na Omondi, bonge la mtu mwenye ndevu, anayesukuma machela katika hospitali nyingine. Aliambiwa aigize mwanamume aliyefiwa na mkewe, na mimi nimfariji. Madam akamwambia, "Usiache kuigiza mpaka mimi nikuambie."

Tukakaa. Omondi akainamisha kichwa, akasema kwa sauti iliyokatika, "Rael, mke wangu ameniacha."

Nilijua ni maigizo. Lakini Mama, ni wewe uliyenilea. Kwetu neno kama hilo likisemwa, kuna mtu anayebaki kwenye kiti? Mwili ulisimama wenyewe, mikono ikaenda kichwani, nikapiga nduru, ile yako uliyompigia Shangazi alipofariki, inayoanza chini kama ng'ombe na kupanda mpaka kuku wanatawanyika. Nikakimbia mpaka mlangoni nikarudi, kama inavyotakiwa.

Huko nje nyundo zikanyamaza. Hapa Shauri Moyo nyundo hazinyamazi hata rais akipita.

Wa kwanza kuingia alikuwa mama anayeuza uji, mtu wa kwetu, naye mikono kichwani, ananijibu, maana mtu hawezi kuachwa alie peke yake. Nyuma yake mafundi, kofia mkononi. "Nani ametutoka?" mama yule akaniuliza. Nilikuwa sina pumzi, nikamwonyesha Omondi kwa kidole. Madam Njeri alikuwa anaeleza kwamba haya ni masomo, lakini kwa sauti ile, nani angesikia? Na Omondi hakuwa ameambiwa aache.

"Ni mke wangu," akasema.

"Woi, mwanangu. Aliugua?"

"Ilikuwa ghafla."

"Na watoto?"

"Watatu." Hapo machozi ya kweli yakamtoka, kwa sababu watatu anao.

Yule mama akampa kikombe cha uji, akanywa. Akampa kingine, akakimaliza nacho. Seremala mmoja akasogea kwa heshima kubwa, akamwinamia sikioni, lakini sote tulisikia.

"Ndugu, marehemu alikuwa mrefu?"

"Wa kadiri."

"Mnene?"

"Amejaliwa," akasema Omondi.

Hapo ndipo simu yake ilipolia. Alivyokuwa amechanganyikiwa akabonyeza mahali pa spika, na sauti ya mwanamke ikajaa ukumbi mzima: "Baba Brayo, umesahau unga tena? Omondi, si naongea na wewe?"

"Huyo ni nani?" akauliza mama wa uji.

Omondi akamtazama Madam, akatutazama sisi. "Ni marehemu," akasema.

Seremala akakunja futi yake taratibu. "Huyo anataka unga," akasema, "hataki sanduku." Mafundi walicheka mpaka wengine wakakaa sakafuni. Mama wa uji hakucheka. Alinigeukia mimi. "Na wewe, nduru ni filimbi ya kuchezea?" Nilimwomba msamaha kwa lugha yetu, akapoa kidogo. Akaniuliza mimi ni wa ukoo gani, akasema nduru yenyewe, kusema kweli, ilipigwa vizuri.

Mimi sikuwa na kicheko. Madam aliniita kando. "Rael, moyo unao," akasema. "Lakini ukilia kumshinda mwenye msiba, ni yeye atakayekubembeleza wewe. Nitakuja kliniki kwenu nikuone ukifanya kazi yenyewe. Ukipiga nduru kabla ya kumsikia mtu, sitaweza kukupa cheti." Nilikuwa naona zamu za usiku zinanifuata mpaka Kageha aolewe.

Madam alikuja asubuhi ambayo mama mmoja mzee alikuwa amefariki wodini. Mumewe, Mzee Shiundu, aliyestaafu kazi ya reli, alikuwa kwenye benchi, na kofia ya mkewe ya sufu magotini. Nikakaa karibu naye. Nikasema pole. Nikamwuliza kama angependa chai, akakataa. Nikanyamaza, meno nimeyabana, Madam amesimama pale mlangoni.

Mzee akaanza kusema. Alisema mkewe alikuwa anatia chumvi kwenye samaki mpaka kiu inakuamsha. Alisema waligombania redio tangu wakiwa vijana, yeye anataka habari, mama anataka kwaya, na leo asubuhi ameiwasha akajikuta anatafuta kwaya. Mama, kicheko na kilio vilinijia kwa pamoja, nikavimeza vyote viwili.

Kisha akanitazama. "Wewe binti unatoka wapi?"

"Vihiga, Baba."

"Na unakaa hivyo, kama uko benki?" Akaigeuza kofia ya mkewe magotini. "Mke wangu amelala mle ndani na hakuna hata mtu mmoja aliyemlilia. Watoto bado wako njiani. Na mimi mwanamume, nitaanzaje?"

Nikamtazama Madam. Hakutikisa kichwa, hakuitikia. Nikaona bora nikose cheti kuliko kumwacha mzee wa watu namna hiyo, lakini kwanza nikamwuliza, "Baba, ungetaka nimlilie?"

"Nitashukuru sana."

Nikamshika mkono, tukatoka uani kunakoanikwa mashuka, wagonjwa wasishtuke. Nikamlilia mama yule. Niliita jina lake, nikamlilia na samaki wake na kwaya zake. Mzee aliegemea ukuta akalia mpaka mabega yakatulia. Kisha akapangusa uso kwa shuka lililokuwa kwenye kamba, akasema, "Sasa niletee ile chai."

Madam alikuja akasimama kando yangu. Nikamwuliza kama nimeanguka.

"Ulimsikia, na ulimwuliza kwanza," akasema. "Lakini shuka hilo utalifua tena."

Cheti ninacho, Mama. Kazi ya mchana nimepewa, naanza mwezi ujao.

Sasa nisikilize. Nataka Kageha aje kuishi nami Disemba, shule zikiwa zimefungwa, aanze darasa huku mwaka mpya. Najua amelala mgongoni mwako zaidi kuliko mgongoni mwangu. Najua atakapoondoka kutakuwa na sufuria ndogo tu jikoni, na hakuna wa kukuuliza kwa nini kuku hawavai viatu. Nimetafuta maneno ya kukufariji nikakosa, kila nililoandika nimelifuta. Kwa hiyo nakuuliza, wewe unataka nini? Kama ungetaka akae kwako mpaka Pasaka, sema. Nitaumia, lakini nitakusikia. Kama ungetaka kuja naye mpaka azoee, kitanda changu kinatutosha sote watatu tukilala kwa ubavu. Na kama una hasira na mimi, niambie hiyo pia.

Nisalimie shemeji yangu anayekuchotea maji, na mwalimu wa katekisimu aliyenifundisha kuandika herufi zinazoonekana, na jirani yetu mwenye ng'ombe, mwambie maziwa ya hapa ni maji yaliyopita karibu na ng'ombe. Baba Mdogo unayesoma, asante, na usiongeze maneno yako.

Kageha bado usimwambie lolote. Nataka kusikia kwanza kutoka kwako.

Mimi mtoto wako,
Rael