Dada wa Kola Anaitaka Meza

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo limebandikwa mlangoni pa stoo. Mzee Chaki anastaafu mwisho wa mwezi, anatafutwa mkataji wa vitambaa. Anayetaka nafasi aandike barua mwenyewe kabla ya Ijumaa. Nimelisoma mara tatu huku najifanya nafunga kamba za viatu — na nimevaa kandambili!

Miaka kumi na moja nashona kola za sare. Kola tu. Kukata najua. Mzee alinifundisha miaka mitatu, saa za mapumziko, kwa magazeti ya zamani, chakula chake kikipoa pembeni. Sikumwomba, aliamua mwenyewe. Mungu amzidishie.

Sijaandika kitu. Wataniita wenyewe. Marehemu mama alikuwa akisema kizuri chajiuza.

Jumanne, 4 Machi

Jirani, yule wa mashine ya pembeni yangu, ameuliza kama nimeandika. Nikamwambia wananijua. Akacheka mpaka uzi ukamkatikia. Wanakujua? Meneja hata jina lako halijui! Kweli. Hapa kila mtu anaitwa kwa kipande chake. Mimi Dada wa Kola, yeye Mama Vifungo. Anayeitwa fundi ni mmoja tu — Mzee.

Nikasema mvumilivu hula mbivu. Akasema za kwangu ziliiva zamani, sasa zinaliwa na nzi.

Nimenuna mpaka nyumbani. Nimenuna kwa sababu amesema kweli.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeandika! Barua ya kwanza, ya jana usiku, ilikuwa na mistari minne, mitatu ya kushukuru kiwanda. Baba watoto akaisoma, akauliza hii ni barua ya kuomba kazi au risala ya kumuaga mwalimu mkuu? Akachukua zamu yangu ya vyombo. Kaa hapo, akasema, mimi ndiye meneja, nieleze unajua nini. Mikono imejaa povu, na maswali anauliza ya kweli kweli.

Basi nikaeleza. Kutandika tabaka ishirini za kitambaa bila mkunjo. Kupanga vipande ili kitambaa kisipotee bure. Kujua uzi unalalia wapi kwa kupapasa tu. Nikajisikiliza nikashangaa — haya yote ni mimi?

Kujipigia debe kunawasha jamani, kama sweta jipya. Lakini nimeandika, nikatia sahihi, na leo asubuhi nimepeleka kwa mkono wangu. Nimejaliwa mume. Simwambii, atavimba kichwa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeitwa kwenye usaili! Jumatano saa nne.

Furaha ya nusu saa. Jirani amesikia karani akimsomea meneja idadi ya kola za kila mmoja. Mimi ni wa mwisho kwenye safu yetu. Wa mwisho!

Sababu naijua mimi peke yangu. Macho ya Mzee yamechoka. Huu mwaka wa pili kola zinanijia upande mmoja umezidi, kiasi cha unene wa kucha. Kabla ya kushona nazipunguza kwa mkasi wangu, moja moja, kimya kimya. Kwa hiyo kwenye daftari mkataji hana kosa, na mshona kola ni mvivu.

Nikisema, namwaibisha mtu aliyenilea kazini, zikiwa zimebaki wiki tatu aage. Nisiposema, ile meza ya kukatia niiage mimi. Chai imenishinda.

Jumanne, 11 Machi

Nimemfuata Mzee saa ya mapumziko. Maneno niliyapanga tangu alfajiri, yakayeyuka yote. Nilisema tu, Mzee, zile kola... akanikatiza. Anajua! Kila jioni anaona vipande chini ya kiti changu kabla havijafagiliwa. Sijawa kipofu kiasi hicho, akasema. Aliona aibu, akanyamaza, akajua kuwa kimya chake nakibeba mimi.

"Umenisitiri, mwanangu, mpaka umejifunika na wewe."

Nikamwambia basi kesho aje anisemee. Akakataa. Sema mwenyewe. Nikikusemea mimi itakuwa huruma, na meza ile haikatiwi kwa huruma.

Nimelia mbele ya watu wazima wenzangu. Akanipa kipande cha sare nijifute, na akaniambia nisikitupe, kinatosha mfuko. Namshukuru. Namshukuru mpaka kifua kinauma.

Jumatano, 12 Machi

Naandika kwenye benchi nje ya ofisi. Afadhali mikono iwe na kazi.

Sijakaa sawa, meneja akauliza: mbona kola zako chache? Nikamkumbuka baba watoto na povu lake. Nimesema yote. Mzee nimemtaja. Nimesema pia kwamba macho kuchoka si uzembe, na kwamba kila ninachokijua kwenye kitambaa nimekipata kwake.

Meneja akakunja uso. Nitajuaje kama ni kweli?

Nikasema — mimi huyu! — niletee kola ambazo sijazigusa, na kitambaa, na chaki. Zikaletwa kumi. Nikatia alama kila palipozidi. Kisha nikakata mbili zangu, nikazikunja katikati, kingo zikalaliana. Meneja akatafuta rula. Akatuma mtu amwite Mzee, akaniambia nisubiri nje.

Mzee amefika, amekaa hapa pembeni yangu. Umesema? Nimesema. Na mimi umenitaja? Nimekutaja. Akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua gunia. Afadhali, akasema. Halafu akauliza chaki niliishika vipi. Nikamwonyesha kwa kalamu hii hii. Hapo hapo, akasema, usiikamue. Tumecheka kidogo, kwa woga.

Mlango umefunguka. Meneja yuko pale na kola yangu mkononi, anaigeuzageuza, hatutazami.

"Fundi, ingia."

Nimevuta miguu Mzee apite. Hainuki. Ananisukuma kwa kiwiko —