Jukwaa Lilinifuta, Sasa Nimeposwa

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba msaada, na kama ni lazima ucheke basi cheka nusu, maana mwenzio silali.

Mimi ni mkulima wa kahawa hapa Matiri, nina mke, Hilda, na nina simu, na katika hao wawili aliyeniponza ni simu. Tangu minara ifike tuna jukwaa letu la mtandaoni la watu wa Mbinga, tunajadili mbolea, misiba na hawa wanunuzi binafsi wa kahawa, na msimamizi ni Wendelin, mwalimu wa kwaya yetu, mtu mpole aliyefiwa na mkewe, ila akishika simu anakuwa hakimu. Niliandika kwamba wanunuzi wanachezea mizani, akafuta, eti lugha isiyofaa, nikaandika upya kwa adabu, hadi "ndugu zangu wapendwa" nikaweka, akafuta tena, na wakati huohuo Wolfgang wa Kitura kaniita mbuzi mbele ya wilaya nzima, na mbuzi yule yupo pale mpaka leo, watu wanampigia dole gumba.

Basi nikajitia ujanja, nikafungua akaunti ya mwanamke, nikamwita Theodosia, nikaandika yaleyale ya mizani neno kwa neno, na Wendelin akajibu, "Asante dada, mchango wa maana sana." Nilitaka nimuumbue palepale, lakini mshauri, sijawahi kuitwa wa maana, nikanogewa, nikaendelea kuchangia, akaanza kuniandikia pembeni kuniuliza nimeamkaje, na mimi, baba mzima mwenye ndevu, namjibu nimeamka salama. Kwetu mtu lazima awe na kwao, akaniuliza ni wa ukoo gani, na kwa kuwa akili yangu ilikuwa likizo, nikamtajia babu yangu mwenyewe.

Jumapili baada ya misa akaingia kwangu shangazi yake, Mama Tadea, na mbasa wakavu, samaki wazuri wa ziwani, akasema wamesikia kwetu kuna binti Theodosia, na kwa kuwa baba zangu wote wametangulia na mimi ndiye mkubwa wa ukoo, wameona waje kwangu kwa heshima. Yaani nimeletewa posa yangu mwenyewe niitolee jibu! Nikasema, "Karibuni." Mbasa tumeshawala. Hilda ananiuliza, "Baba, huyo Theodosia ulimzaa na nani?" Kwa kuwa ni Kwaresima, jibu wanalisubiri baada ya Pasaka. Nimefikiria kusema Theodosia amefariki, lakini Wendelin atataka kuja kuimba mazikoni. Nifanyeje?

Mposwa, Matiri

MSHAURI ANAJIBU:

Mposwa, nimecheka yote, nusu ilinishinda. Majina nimeyabadilisha, pumua.

Ulionewa, hapo nakuunga mkono. Msimamizi anayefuta hoja na kuacha tusi hajui kazi yake, na ungemwambia hivyo usoni baada ya mazoezi ya kwaya, yangeisha. Wewe ukataka kumuumbua hadharani, halafu sifa zikakulevya. Aibu yako umeieleza kurasa mbili, ila yeye umemwandikia neno moja, kwamba amefiwa, ukapita. Mtu aliyezoea nyumba kimya alipata wa kumuuliza ameamkaje, akamtuma shangazi yake mchana kweupe. Katika habari hii yote ni yeye tu ambaye hakujificha.

Sasa sikiliza. Anza na Hilda, leo, mpe simu asome yote, na akicheka usinune. Kisha nenda kwa Wendelin siku ya kazi, peke yako, kabla ya Pasaka. Sema, "Theodosia ni mimi, nimekukosea," unyamaze. Ya mizani na mbuzi usiyaguse siku hiyo. Akifoka, kaa palepale. Akikutoa jukwaani, toka, usirudi kwa jina lolote mpaka akuite mwenyewe. Mama Tadea mpelekee mbasa wengine, tena wakubwa kuliko mliokula.

Na hilo la kumfisha Theodosia lifute kabisa. Wendelin ameshazika mke mmoja.